Wimbo wa Kuombea Maji

Sijawahi kuona haya kulilia filamu. Kuna watu hulia kwa siri wakajifanya vumbi limewaingia machoni. Mimi hulia waziwazi, kwa sauti, na leso nimeiandaa mapema. Filamu za Kihindi ndizo zangu, zile ndefu za nyimbo, ambazo mtu akifiwa huimba, akipenda huimba, na akigombana na babake huimba vilevile, mvua inamnyeshea. Mume wangu ni mtu wa bandarini na hana subira na mambo hayo. Huniuliza ni nani duniani aliyewahi kuvunjikiwa na uchumba wake, akageuka akakuta wapiga fidla wamepangana nyuma ya mti. Humjibu kwamba kosa si la filamu, kosa ni la dunia. Inafaa wapiga fidla watokee.

Ugonjwa huu niliurithi. Mamangu alianza kunipeleka sinema nikiwa bado namshika kidole barabarani, enzi zile za maonyesho ya wanawake peke yao, mchana, ukumbi umejaa mabuibui na harufu ya bajia zilizofichwa mikobani. Ukumbi mzima ulilia pamoja na ukanyamaza pamoja. Mama hakujua Kihindi hata cha kununulia ndimu, lakini alipotoka pale nje alikuwa ameshaubeba wimbo wote kichwani, silabi kwa silabi, kama ulivyo. Na kabla hatujafika nyumbani Kibokoni alikuwa ameanza kuutafutia maneno ya Kiswahili.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, ingawa hakuna aliyeiita kazi. Wanawake wa mtaani hawakutaka arusi yao iimbwe nyimbo za arusi iliyopita. Walitaka muziki wa filamu iliyotoka juzi, na ndani yake maneno mapya ya kumsifu bibi arusi wao na kuwachoma kidogo wale wa upande wa pili. Walikuja wakamwambia Mama, "Tuvikie huu," kama mtu anayempelekea fundi kitambaa. Naye alikaa kwenye mbuzi akikuna nazi, midomo inamchezacheza, na nazi ikiisha maneno yalikuwa yameuenea muziki, hakuna silabi iliyobana wala iliyopwaya. Hakuandika hata mstari. Nilidhani kila mama duniani hufanya hivyo, mpaka nilipoolewa nikahamia Buxton, nikagundua kwamba mama mkwe wangu hupika kimya.

Kisha, mwaka juzi, kiharusi kikampiga Mama upande wa kulia na kikamchukulia maneno.

Aliporudi kutoka hospitali aliweza kutembea akishikwa. Aliweza kula, ila kwa mkono wa kushoto, jambo lililomuudhi kuliko ugonjwa wenyewe. Kila tulilosema alilielewa. Lakini alipofungua kinywa ajibu, lilitoka neno moja tu: "Hivo." Alikuwa na hivo ya kutaka na hivo ya kukataa, na hivo nyingine ndefu ambayo ukiisikia wajua umetukanwa. Mwanamke aliyewavika maneno mabibi arusi wa mtaa mzima amebaki na neno moja, na hilo lenyewe halina maana.

Ndugu yangu ni mmoja tu, kakangu mkubwa. Ana malori yake Shimanzi, na anakaa ng'ambo ya Nyali katika fleti yenye lifti. Alikuja akaziangalia ngazi za nyumba ya Mama, ambazo kama ngazi zote za nyumba za kale zimesimama wima, na mtu hupanda kwa kushika kamba. Akatikisa kichwa. Akasema Mama atahamia kwake, na nyumba itapangishwa. Kuna mtu ameshamuulizia, ataka kuifanya ya wageni.

"Sitaki kuya siku moya nimpate yuko tini ya ngazi," alisema. "Kwangu kuna lifti, kuna mtu wa kumwangalia, mke wangu yuko."

"Umemuuliza yeye?"

"Nimuulize nini? Mama hajui tena atakalo."

Tulikuwa tumesimama ukumbini, na Mama amekaa kitandani mbele yetu, anatusikia. Nilimwona akikunja mkono wake mzima juu ya shuka. Kakangu si mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Aliogopa, na akiogopa hupanga mambo upesi kama anavyopanga malori. Lakini maneno yale yaliniwasha moto. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili; nimezoea watoto wajuao jawabu ila hawajui kulisema, na sijawahi kumwambia yeyote kati yao kwamba hajui.

Nilimwambia Mama hatoki. Akaniambia nisimsemee Mama. Nikamwambia Mama atasema mwenyewe. Akacheka, si kwa dharau, kwa huzuni, akanipa ahadi: "Haya. Shule zikifungwa tutakaa hapa, sote. Akisema kwa kinywa chake kwamba hataki kwenda, simgusi. Lakini aseme yeye."

Siku iyo hiyo nilimpigia mume wangu, nikamwambia mchele uko kwenye debe la bluu na anajua kupika. Nikahamia Kibokoni na mkoba mmoja wa nguo. Asubuhi jirani yetu wa mlango wa pili alikaa na Mama, mimi nikaenda shule. Mchana nikarudi, na kutoka hapo mpaka usingizi nilikuwa wake.

Kule hospitali tulikuwa na mtaalamu wa matamshi, dada mmoja wa bara, mpole na msafi wa maneno. Alimwonyesha Mama picha za tofaa, gari moshi na mbwa, amwambie ni nini. Mama alitazama tofaa, akamtazama yule dada, akasema "Hivo" ile ndefu. Nilishukuru kwamba yule mtaalamu hakuijua.

Wiki zikapita namna hiyo, Mama hana neno la pili. Nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba kakangu amesema kweli.

Siku moja baada ya Laasiri nilikuwa nimekaa sakafuni nachambua mchele, simu nimeiegemeza kwenye chungu, naangalia filamu ya zamani ambayo mimi na Mama tuliiona hata hatukumbuki mara ngapi. Ukafika ule wimbo wa mke aliyekwenda stesheni kumpokea mumewe, na treni zinaingia na kutoka na mume hashuki. Nilikuwa nimeshaishika leso. Nikasikia sauti ya pili. Mwanzo nilidhani ni mwangwi wa simu, halafu nikageuka.

Mama alikuwa anaimba. Macho ameyakaza ukutani, kinywa kimefunguka upande mmoja zaidi ya mwingine, na Kihindi kinatiririka, ubeti baada ya ubeti, lugha asiyoijua, bila kukosa silabi hata moja. Sauti ilikuwa imekwaruza lakini ilikuwa yake. Sikuthubutu hata kuusogeza mchele. Wimbo ulipokwisha nikamwambia, "Mama! Waimba!" Akafungua kinywa anijibu.

"Hivo," alisema.

Akapiga kitanda kwa hasira, akalia. Nami nikalia, na sikuwa nikiililia filamu.

Nilimpigia yule mtaalamu kesho yake, nikidhani nitamweleza muujiza. Hakushangaa. Aliniambia maneno yana makao yao kwenye ubongo na wimbo una makao mengine, na pengine nyumba moja ikiungua nyingine hubaki imesimama. Akasema twaweza kupitia mlango huo. Nichukue sentensi fupi ya jambo analolihitaji, niitie kwenye muziki, nimpige mkono wa kushoto taratibu kila silabi, tuvumishe kwanza, kisha tuimbe pamoja, kisha nimwachie aimbe peke yake. Tulipokwenda kliniki alijaribu yeye mwenyewe, kwa muziki wa kwaya ya kanisani kwao. Mama alimsikiliza kwa adabu zote za mwenyeji, akaniangalia kwa jicho lililosema: mwanangu, nirudishe nyumbani.

Nikaelewa ninachotakiwa kufanya. Natakiwa kuvika. Mimi, niliyekaa miaka yote karibu na fundi bila kujifunza hata kutunga uzi!

Niliujaribu kwanza ule wimbo wa stesheni. Una kipande cha silabi tano kinachopanda na kushuka, pale mke anapotazama behewa la mwisho. Na-ta-ka-ma-ji. Kilienea kabisa. Nikashika mkono wa Mama, nikaanza. Muziki ulimfungua kinywa papo hapo, lakini kilichotoka kilikuwa Kihindi. Tukarudia, Kihindi. Kesho yake Kihindi tena, na keshokutwa. Aliimba vizuri mno hata nikawa natamani kumwacha. Lakini sikuwa nimehamia Kibokoni kusikiliza Kihindi.

"Si hivyo, Mama. Rudia," nilimwambia, kwa sauti ileile ya darasani. "Na-ta-ka. Tizama mdomo wangu."

Alinitizama kama atakayenirushia kitu. Siku moja alinirushia kweli, kikombe cha bati, kwa mkono wa kushoto, na akanikosa. Nikakiokota nikakirudisha mezani. "Na-ta-ka," nikaendelea. Ubishi nao niliurithi.

Jirani aliniambia nimwache mgonjwa apumzike. Wifi yangu alituma ujumbe kwamba ingekuwa bora Mama asikilizishwe Kurani kuliko nyimbo za wapenzi. Nikamjibu kwamba Kurani aisikiliza kila asubuhi, na kwamba Mwenyezi Mungu aliyemwachia Mama mlango mmoja ndiye ajuaye kwa nini amechagua huu. Nilijua nimekuwa mkali, na sikujali.

Kisha siku moja, niko jikoni, nikasikia kitanda kinapigwa. Ta, ta, ta, ta, ta. Halafu sauti ya yule mke wa stesheni, inapanda na kushuka:

"Nataka maji."

Nilikimbia na gilasi nikayamwaga nusu njiani. Akanywa. Akanirudishia gilasi, akafuta mdomo, akapiga kitanda tena: "Nataka maji." Nikaleta. Akanywa. Akataka tena. Hakuwa na kiu, naapa. Alikuwa ameonja tena utamu wa kusema jambo likafanywa. Alikunywa na kunywa, hata Maghribi ilipoadhiniwa ikawa lazima nivike wimbo wa pili haraka haraka, wa kumpeleka chooni.

Huo niliutia kwenye muziki wa wapenzi wawili chini ya mwavuli mmoja. Ulimwingia upesi. Baada ya hapo tukapata wa kufunguliwa dirisha, wa kuletewa tasbihi yake ya uradi, na wa kumwambia jirani apunguze sauti. Nyumba yetu ikawa kama filamu zangu, mtu akitaka mto wa kuegemea aimba. Mume wangu alikuja kututazama siku ya Jumapili, Mama akamwimbia kwamba chai haina sukari. Aliduwaa mlangoni. "Sasa fidla tu ndizo zimekosekana," akasema, na hiyo ndiyo siku pekee aliyowahi kukiri kushindwa.

Ikawa pia kuna arusi kichochoroni kwetu, spika zimewekwa chini ya dirisha letu, na wanawake wamejaa hadi barazani wakimngoja bibi arusi. Mpiga muziki akauweka ule wa wapenzi wa mwavuli. Mama alikuwa amekaa dirishani. Alipousikia alijinyoosha, akashika pumzi, na kwa sauti iliyoshinda spika akaimba, "Nipeleke choo!" Wanawake wakainua nyuso. Muziki ukarudi pale pale, naye akarudi: "Nipeleke choo!" Mmoja akapiga kelele, "Jamani, mpelekeni!" na kichochoro kizima kikaanguka kicheko. Nilitaka kumrudisha ndani. Lakini nilipomtazama, Mama alikuwa anacheka, mabega yanamtikisika, kicheko chake cha zamani cha kutoka kwenye mbavu. Tangu augue sikuwa nimekisikia. Walipomaliza kucheka, wale wakubwa walimpigia vigelegele, kwa sababu walikumbuka ni nani aliyewavika wao.

Shule zikakaribia kufungwa, na sentensi niliyoihitaji ilikuwa bado. Mambo ya maji na chai yasingemtosha kakangu. Nilihitaji sentensi moja kubwa. Nikaitunga: "Sitoki kwangu, hapa ndipo pangu." Nikaitafutia muziki kwa makini kuliko nyingine zote, nikauchagua wimbo wa mama anayeagana na mwanawe kwenye kizingiti, ambao mimi mwenyewe siwezi kuufikisha mwisho. Niliona kakangu atakavyolowa machozi. Nilimwona mpaka alivyotafuta leso, nikajiona nikimpa yangu.

Nikaanza kumfundisha Mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga mdomo.

Nilidhani amechoka. Kesho yake nikajaribu, akafunga mdomo na kuutoa mkono wake mkononi mwangu. Nikabadilisha muziki. Nikapunguza silabi. Nikambembeleza kwa halua. Maji aliyataka kwa wimbo, dirisha alilitaka kwa wimbo, lakini nikianza tu "Sitoki", anageukia ukutani. Nilikasirika. Nilimwambia, Mungu anisamehe, kwamba nimeacha nyumba yangu kwa ajili yake, na ikiwa hatasema basi ajitayarishe kupanda lifti. Akanitazama tu.

Nilimpigia mume wangu kulalamika. Akasema, "Labda hilo silo alitakalo kusema."

"Atasema lipi jingine? Wataka kuniambia ataka kwenda Nyali?"

"Mimi sijui. Nasema tu, hayo ni maneno yako."

Nilimwambia akaangalie mchele wake, nikakata simu.

Siku ya kikao ilikuwa Ijumaa. Kakangu alikuja baada ya swala na mkewe, wakaleta biriani, tukala kwa heshima kama watu wa kesi. Mama nilimvika dera la kijani na nikamfunga mtandio vizuri. Alikaa katikati yetu kwenye kiti cha mikono, kakangu kulia kwake, mimi kushoto, kwa sababu mkono wake wa kushoto ndio wangu wa kupigia silabi. Sahani zilipoondolewa kakangu akakohoa.

"Haya, mama," alisema kwa upole. "Bintiyo asema una neno."

Nikashika mkono wa Mama. Nikavumisha ule muziki wa kizingiti, taratibu, na kidole changu kikaanza kumpiga silabi. Si-to-ki. Nikasubiri aingie.

Mama akautoa mkono wake. Hakuuchomoa kwa hasira, aliutoa kama mtu anavyotoa kitu chake kwenye meza ya mwenzake. Akauweka pajani. Akaanza kupiga mwenyewe, pole pole, na mdundo haukuwa ule wangu. Kisha akavumisha. Muziki ule sikuujua. Nimezijua filamu zake zote, na nimeupekua moyoni tangu siku hiyo, nao hautoki kwenye filamu yoyote. Ulizunguka mara moja bila maneno. Mara ya pili, maneno yakaingia, moja moja, na katikati yake kuna mapengo ambayo mtu angeweza kuvuta pumzi:

"Huyu avuta kulia..."

Mkono ukanyanyuka, ukamwelekea kakangu.

"Huyu avuta kushoto..."

Ukanielekea mimi.

Mstari wa tatu haukuwa na maneno. Aliyatafuta, tukamwona akiyatafuta, macho ameyafumba, na hayakuja. Hakusimama. Aliuvumisha mstari wote, kila silabi mahali pake, nafasi ya maneno ameiacha wazi. Nami, mwalimu wa darasa la pili, nilikuwa nimeshafungua mdomo nimsaidie. Wifi yangu akanishika goti. Nitamshukuru kwa hilo mpaka kufa.

"Mwanifanya ni mtoto," Mama akamaliza.

Ulikuwa ni ubeti kamili. Vina vyake viko, mizani yake iko. Niliona aibu. Miezi yote ile nilijivunia kwamba mimi ndiye niliyemrudishia maneno, na yote yalikuwa yangu. Maji ni mimi niliyeamua ayatake. Dirisha ni mimi niliyedhani lafaa kufunguliwa. Hata kwenda Nyali nilimkatalia mimi, nikamletea akatae kwa kinywa chake kile nilichokikataa mimi. Kakangu alitaka kumhamisha nyumba. Mimi nilikuwa nimeshahamia ndani ya mdomo wake.

Kakangu alikuwa ameinama, analia, na hakutafuta leso. Akapiga magoti mbele ya kiti.

"Mamangu," alisema, "wataka nini?"

Swali lenyewe lilikuwa ni hilo tu. Nilikuwa nimemfundisha majawabu muda wote ule, na sikuwahi kumuuliza.

Mama akamtazama. Hakupiga paja, wala hakuvumisha. Kisha akanigeukia mimi, akaniwekea kiganja cha kushoto shavuni, na akasema, bila muziki wowote, kwa sauti kavu ya kawaida ya mtu anayeagiza kitu jikoni:

"Wewe. Kwako."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akamgeukia kakangu.

"Nawe. Kwako."

Halafu akapiga mkono wa kiti anachokalia.

"Mimi. Kwangu."

Nje mtu alikuwa akiuza maji ya madafu, anaita. Mimi ninayelia filamu kwa sauti nilikaa pale machozi yakinishuka kimya, kwa sababu maneno yake yalikuwa ya haki. Nilitaka kushinda na nilikuwa nimeshinda, Mama hatoki. Na mimi nilikuwa nimefukuzwa.

Mambo mengine tuliyapanga hapo hapo, na safari hii tulimuuliza kila moja. Kitanda kitashuka chumba cha chini? Akatikisa kichwa: hapana. Ngazi zitiwe mbao za kushikia pande zote mbili? Akakubali. Mwanamke wa kumwangalia na kulala hapa? Akakubali, kisha akainua kidole, na tukaelewa kwamba atamchagua yeye. Wifi yangu akauliza kama anahitaji chochote sasa hivi. Mama akafikiri, akamwimbia wimbo wa stesheni, naye wifi yangu, mtu wa Kurani peke yake, akanyanyuka upesi akaleta maji.

Nilikaa mpaka jirani alipoweza kuja kulala naye. Kisha nikakunja nguo zangu nikazitia mkobani. Nilikuwa na uchungu, sitaficha, uchungu wa mtu aliyeambiwa kazi yake imekwisha wakati yeye ndio kwanza anaipenda. Mama alisisitiza kunisindikiza hadi juu ya ngazi. Akasimama pale, mkono wa kushoto umeikamata kamba, wala hakutaka nimshike.

Niliteremka. Nilipofika katikati nikamsikia ameanza kuvumisha ule muziki wake, na sasa anajaribu maneno kwenye mstari wa tatu. La kwanza lilipwaya. La pili lilibana, nami nilisikia mara moja ni silabi gani inayozidi na neno lipi lingefaa mahali pake. Nikaendelea kuteremka, nikafungua mlango, nikatoka barabarani, nikamwacha alitafute.